Wimbo wa Hodi

Miyuji, Dodoma
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Mbukwa, kama tunavyosalimiana kwetu. Nianze na mguu wako, maana nilipokuacha ulikuwa unavimba kila jioni na wewe unasema ni uchovu tu. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika mkononi kwako, au ilipitia kwa Wifi Roda ikaishia magotini kwake? Na mvua za huko milimani zimekatika? Huku zimekatika zamani, tumebaki na upepo, na vumbi linaingia mpaka kwenye chungu cha mlenda. Kwa mwili mimi sijambo. Kazi ya kusuka inaendelea, vidole vinaniuma asubuhi za baridi, lakini ndiyo riziki yenyewe. Moyoni siko sawa, na ndiyo maana nimechukua kalamu badala ya simu.

Simu unaijua mwenyewe. Nikianza neno zito unasema mtandao unakata, kisha unampa Kaka Nehemia ambaye ananiuliza bei ya sementi huku mjini mpaka salio langu linakwisha. Barua haikatiki. Isome mwenyewe, polepole, kwa miwani yako, usimpe Kaka akusomee. Ulijifunza kusoma ukubwani kwa ajili ya Biblia, lakini haitakuwa dhambi ukiitumia elimu hiyo kwa maneno ya mwanao. Naomba radhi mapema, kwa sababu hasira yangu haijapoa, na sijui kama nitaweza kuiandika kwa adabu yote unayostahili.

Neno lenyewe ni hili: nimesikia Yustina ameacha kuanzisha nyimbo. Nimesikia ngoma yake ameigeuza juu chini pembeni ya jiko, na kuku anatamia ndani yake. Yustina, Mama. Mdogo wangu ambaye alikuwa akianzisha wimbo akiwa bado ananing'inia mgongoni kwako, na wewe unacheka unasema huyu amezaliwa na wimbo kooni. Kama ameacha kweli, basi kuna watu walioufunga mdomo wake, na mimi nataka kuwataja. Lakini kwanza nikueleze mambo yalivyokuwa, maana huko kijijini mmeona kipande kifupi kwenye simu za watu mkakifanya ndiyo ukweli wote.

Unajua ninapofanya kazi, saluni ya Bi Zuhura, hapahapa Miyuji karibu na njia panda. Bi Zuhura ni mwenyeji wa mjini. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya biashara, akaoa, akabaki, na mpaka leo kwao kila Ijumaa kunapikwa wali wa nazi na sisi wasusi tunaletewa bakuli letu. Ukutani ameweka runinga kubwa. Jumapili watu wakitoka kanisani wanakuja kusukwa huku wakitazama marudio ya lile shindano la kuimba. Wewe hujapata kuliona zima. Watu wanapanga foleni, mmoja mmoja anaitwa ukumbini, anasimama juu ya nyota iliyochorwa sakafuni, anaimba, na majaji watatu wanasema kama amepita au amekwama. Majaji hao tumewapa majina yetu. Kijana asiyevua miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba ni Miwani. Dada wa kope za bandia ni Kope, akizifumba unadhani amesinzia. Wa tatu ni Mzee wa Bendi, ambaye zamani aliimba dansi, mtu wa kutikisa kichwa na maneno machache.

Na sisi wa saluni tulikuwa majaji wa majaji. Hakuna aliyepona. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote, mpaka wateja wakawa wananiita Jaji. Huyu anaimba puani, mdomo ameuweka kwa ajili ya chakula tu. Huyu amepanda mlima bila kubeba pumzi, tuone atashukaje. Kuna kijana mmoja wa chuo aliimba vizuri sana, sauti imenyooka, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, nami nikasema hapana, huyu anaimba kama mtu aliyejifungia chumbani, hakuacha hata mlango mmoja ambao mwingine angeweza kuingilia. Saluni ikacheka. Mwanafunzi niliyekuwa namsuka akaniuliza, mlango gani tena, Dada Jaji? Sikujua nimwelezeje, maana nilichosema sikukipata darasani. Nilikipata kwako. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba anayeimba mwanzo mpaka mwisho bila kuitikiwa ni mtu aliye porini na ng'ombe, au amerukwa na akili.

Tangazo lilipotoka kwamba shindano linakuja Dodoma kutafuta vipaji, nilimpigia Yustina siku ileile. Na wewe ulikubali, usisahau hilo. Ulisema aende akawaonyeshe watu wa mjini kuimba ni nini. Akaja na wenzake wawili wa kikundi, Wifi Roda na yule jirani yetu mjane, Mama Elia, ngoma zao wamezifunga ndani ya khanga kama watoto wachanga. Walilala chumbani kwangu, tukabanana wanne kwenye kitanda kimoja na mkeka, tukacheka kama wasichana. Roda ndiye aliyecheka kuliko wote. Alishasema tukishinda, Kaka Nehemia atajipikia mwenyewe mwezi mzima.

Pale ukumbini tulikaa juani tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, msichana wa mlangoni mwenye kitambulisho shingoni akasema anaingia mmoja. Nikamweleza kwa upole kwamba hawa wawili ni waitikiaji, bila wao wimbo hauendi. Akasema, "Dada, hapa ni solo. Mwenye kipaji anaingia, wasindikizaji wanabaki nje." Roda, aliyepanda basi kutoka huko kwetu Kibakwe na ngoma mapajani, akaitwa msindikizaji. Nilimwona alivyobadilika uso. Ngoma nazo zikakataliwa, wakasema muziki wanao wenyewe kwenye kompyuta. Nilidhani Yustina atavunjika moyo, lakini alijifunga khanga yake vizuri akaniambia, "Naingia nyumba ya watu nisiowajua. Nitaanza na hodi, mengine yatafuata."

Basi akaimba wimbo wa hodi. Wewe unaujua kuliko mimi, lakini niandike tu, labda ukiuona kwenye karatasi utaukumbuka. Kikundi kikifika kwenye boma la watu hakiingii. Kinasimama nje, mwanzishaji anaimba kwamba tumefika, sisi wageni wenu, kisha ananyamaza. Ule unyamavu si wake, ni wa wenye nyumba. Wao ndio wa kuujaza, waseme tupo, tunawasikia, piteni. Wasipoitikia, mwanzishaji anarudia kwa upole, maana labda wanasaga au wamelala. Asiyeitikia kabisa, tunasema nyumba yake ina msiba au ina ugomvi. Aibu ni ya mwenye nyumba siku zote. Hukuwahi kunifundisha vingine.

Sisi tulikuwa tumeegemea ukuta nje. Tulimsikia kwa mbali akianza, na alipoacha nafasi tukaitikia wote watatu kwa nguvu zetu zote, Roda akiwa wa kwanza. Mlinzi akaja akasema tunaharibu kipindi. Yustina akaanza tena, tukaitikia tena, na hapo mlinzi akatuswaga mpaka getini kama mbuzi waliovamia bustani. Kilichofuata hatukukisikia. Alipotoka aliniuliza kama tuliitikia. Nikamwambia tuliitikia. Akasema basi sawa, ila mle ndani kuna mashine za kupoza hewa zinavuma, hakusikia kitu. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alisema wale majaji wana upungufu wa malezi, lakini ni watoto wa watu, wana shughuli nyingi. Tukanunua zabibu za kuwaletea watoto, nikawasindikiza stendi, wakarudi kwenu wanaimba.

Zikapita wiki kadhaa. Jumapili moja niko katikati ya kichwa cha mteja, nikasikia mtangazaji anasema sasa tuwaletee vituko vya Dodoma. Vituko, Mama. Wakaanza na mwanaume mmoja aliyeimba akasahau akaanza kusali. Saluni ikacheka, na mimi nikacheka. Kisha akatokea Yustina, amesimama juu ya ile nyota na khanga yake, anawatazama majaji usoni kama mtu anavyowatazama wenyeji wake. Nilitaka kusema huyo ni mdogo wangu, lakini alikuwa ameshaanza. Akaimba tumefika, sisi wageni wenu. Akanyamaza. Na mimi nikaitikia.

Sikupanga, Mama. Mikono iko kwenye nywele za mtu, koo limefunguka lenyewe. Nikaitikia kwa sauti ile tunayoitikia uwanjani, si sauti ya saluni. Lakini ule unyamavu walikuwa wameukata na mkasi wao, wameufupisha, kwa hiyo sauti yangu ikaangukia juu ya kicheko cha Miwani. Saluni nzima ikanigeukia. Kwenye runinga Yustina akaanza mara ya pili, na safari hii wakaweka mlio wa nyenje, kana kwamba amesimama peke yake porini usiku. Mara ya tatu wakamrudisha nyuma na mbele, mdomo unafunguka unafunga, unafunguka unafunga. Kope akauliza, dada, umesahau maneno? Na Yustina, kwa adabu zake zote, akamjibu, "Nawangoja ninyi." Miwani akapiga meza akacheka mpaka miwani ikamtoka, ndiyo mara ya kwanza tumeona macho yake. Akasema, sisi ni majaji, dada, siyo kwaya yako. Wakagonga kengele.

Nikawaambia wateja yule ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Yule mteja niliyekuwa namsuka akainamisha kichwa, nami nikaendelea kusuka kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Aliyesema neno ni Bi Zuhura. Alizima runinga, akanigeukia, akasema, "Kwetu hodi ni mara tatu, usipoitikiwa unaondoka zako. Dada yule kafanya adabu yote. Waliokosa adabu ni wenye nyumba." Mwanamke wa dini nyingine, wa damu nyingine, hajui neno moja la wimbo wetu, lakini alielewa kilichotokea. Nilikwenda uani nikalia.

Tangu siku ile mji huu haunipi raha. Neno la Yustina limekuwa mchezo wa watu. Vijana wa bodaboda pale njia panda wakikosa abiria wanapiga kelele nawangoja ninyi. MC wa harusi akiona watu hawainuki kutoa zawadi anasema nawangoja ninyi, ukumbi unaangua kicheko. Kuna anayeuza fulana zenye maneno hayo kifuani. Mpaka mafundi wanaojenga huko Msalato wanalisema, mume wa mteja wangu mmoja amelileta nyumbani na mtoto wao mdogo analisema akitaka uji. Neno la mgeni aliyebisha hodi kwa heshima, Mama, ndilo wanalolicheka.

Lakini nikuambie ukweli wangu. Miwani nilimsamehe, na Kope naye. Wamezaliwa mjini, wamekulia kwenye vipaza sauti, hakuna aliyewafundisha kwamba wimbo una mlango. Asiyejua hahesabiwi kosa. Aliyenichoma ni Mzee wa Bendi. Jina lake la ukoo ni la kwetu kabisa, na nimekitazama kile kipande kwenye simu mara nyingi kuliko ilivyo vizuri kwa afya yangu. Yustina anaponyamaza mara ya kwanza, midomo ya yule mzee inaanza kusogea. Inasogea, Mama, anataka kuitikia, anaujua wimbo. Kisha anamtazama Miwani anavyocheka, anaufunga mdomo, anatikisa kichwa, anacheka na yeye. Yule ningemkuta njiani nisingempa shikamoo. Angeweza kusema neno moja tu, tupo, na mdogo wangu angeimba mpaka ile nyumba ikatikisika.

Nilidhani hapo ndipo uchungu ulipoishia. Nilidhani Yustina yuko kwao, kati ya watu wanaomjua, na maneno ya mjini yatapita juu kama upepo. Ndipo nikakupigia simu ile Jumatatu, nawe ukanisimulia habari za kupura maharage kwa Kaka Nehemia. Ulisimulia kwa furaha, nami nilikuwa nimechoka, nikakusikiliza nusunusu. Ulisema watu walikuja wengi, kazi ilikwenda vizuri, na kulikuwa na kichekesho. Yustina alianzisha wimbo wa kupuria kama kawaida, alipoacha nafasi wanawake wakakonyezana wakanyamaza, kisha Roda akapaza sauti, tunakungoja wewe. Ukasema watu walicheka mpaka wakaangusha fimbo. Ukasema hata mwenyewe alicheka. Nikakuuliza, na wewe ulikuwa wapi? Ukasema nilikuwa pale napepeta, ni utani tu, Damari, usiwe na moyo mwepesi kama karatasi. Kisha mtandao ukakata.

Nikampigia Yustina. Nilimwambia kila kitu kuhusu saluni, na Bi Zuhura, na jinsi nilivyoitikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, wale wa kwenye runinga hawakujua. Hawa wanajua. Na Mama alikuwa karibu yangu kuliko ulivyo wewe na mteja wako, ungo uko mkononi, anautazama." Nikamuuliza kama ni kweli alicheka. Akasema alicheka, angefanya nini, fimbo iko mkononi na watu wote wanamtazama. Halafu akaniambia mambo ya yule kuku anayetamia kwenye ngoma, ana mayai mengi safari hii, na hatukuzungumza zaidi.

Utani una wenyewe, Mama. Mtani wetu akija msibani akajilaza kwenye jeneza tunacheka, kwa sababu ana haki hiyo, na kesho tutamlipa. Lakini Roda si mtani wa Yustina. Ni wifi yake, ni mwitikiaji wake, ameshika ngoma kushoto kwake tangu alipoolewa. Najua kilichomuuma. Aliitwa msindikizaji pale mlangoni, akarudi na kidonda, na badala ya kumchukia aliyemwita hivyo akamchukia aliyeruhusiwa kuingia. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo Roda naye ningeweza kumsamehe baada ya kumwambia ukweli usoni, na nitamwambia.

Ninayeshindwa ni wewe. Nimejaribu siku nyingi kuandika sentensi hii kwa njia nyingine na sikuipata. Roda ni binti wa watu, amejifunza nyimbo zetu ukubwani. Wewe ndiye uliyetuweka mimi na Yustina miguuni pako, mmoja huku mmoja huku, ukasema huyu ataanza, huyu ataitikia, na mkiachana ninyi wawili hakuna wimbo. Uliniambia mwitikiaji ana kazi ngumu kuliko mwanzishaji, kwa sababu mwanzishaji anaweza kuchagua lini aanze, lakini mwitikiaji hachagui. Nikiwa mtoto nilisinzia msibani kwa Babu nikakosa kuitikia, ukanifinya mpaka alama ikabaki. Ulikuwa na haki. Sasa mtoto wako ameanza, kwenye uwanja wa kaka yake, kati ya watu wa ukoo wake, na wewe ulikuwa na sauti, na ulijua, na ukatazama ungo.

Labda utasema ulidhani ni mchezo wa dakika moja. Labda ulimwogopa Kaka, maana najua anasema Yustina ametuaibisha mbele ya taifa na angefurahi akikaa kimya. Labda ulitaka tu kuwa upande wa wanaocheka, kwa sababu umekaa miaka mingi upande wa wanaochekwa tangu Baba alipofariki. Hilo la mwisho ningelielewa. Lakini wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na Yustina amecheza kwao, na alichotunzwa ni kile kile alichotunzwa na Miwani. Hajui sasa aende wapi. Dodoma hawamtaki, kwao hawamwitikii. Mwanamke mzima mwenye watoto amekaa jikoni na sauti ile, na mimi niko huku nasuka vichwa vya watu nikiwaza kwamba nikizeeka nitasahau ilivyokuwa.

Nimeacha kuchambua waimbaji, kama ulikuwa unajiuliza. Jumapili runinga inawashwa, wateja wananiuliza, Jaji, huyu vipi? Nasema anaimba. Hawana raha na mimi siku hizi, na Bi Zuhura ananivumilia tu.

Naomba unisalimie watu. Msalimie Kaka Nehemia, mkubwa wetu, mwambie sementi haijashuka bei na aache kuuliza. Wifi Roda salamu zake zipo, ila nitamletea mwenyewe. Msalimie Shangazi, dada wa Baba, mwambie kitenge chake nimekipata chenye rangi aliyoitaka. Mama Elia, jirani yetu, mwambie nimesikia siku ile hakuwepo, alikuwa kwa binti yake, na nimeshukuru kwamba hakuwepo. Na shemeji yangu Yona, mume wa Yustina, msalimie kwa heshima ya pekee, maana nimeambiwa ndiye aliyeweka fimbo chini akaondoka uwanjani na mkewe wakati wengine bado wanacheka. Mimi nilikuwa nasema ni mwanaume asiye na neno. Watoto wa Yustina wabusu wote.

Nitakuja sikukuu ya mavuno. Nimeshaomba ruhusa kwa Bi Zuhura. Siku ile kanisani baada ya sadaka wanawake watatoka nje kucheza, kama kila mwaka, na mimi nitakaa mahali pangu pa siku zote, karibu yako, upande wa kulia. Yustina hajaniahidi kwamba ataanza. Nilimwomba, akasema ataona. Akianza, nitaitikia hata nikiwa peke yangu, na wewe unajua sauti yangu ilivyo mbaya ikiwa peke yake. Sitakugeukia kukutazama, Mama, kwa sababu bado wewe ni mama yangu. Lakini sikio langu litakuwa upande wako.

Ni mimi mwanao,
Damari